Hina ilikwenda wapi? Kutia nuru picha ya harusi bila ya kumbadili biharusi

Albamu ya harusi ya mpwa wangu ilipoletwa nyumbani, tuliketi sebuleni kuitazama kama ilivyo ada. Kurasa za mwanzo zilipita kwa vigelegele. Zilipofika picha za kutolewa nje, mamangu, ambaye ndiye nyanya yake biharusi, aliivuta albamu karibu na dirisha, akavaa miwani, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hina ilikwenda wapi?"

Ndipo sote tukaona. Mikono iliyokaa saa nne ikichorwa ilikuwa kama iliyosuguliwa kwa sabuni. Piko ilikuwapo, nyeusi vilevile, lakini hina yenyewe ilikuwa imepauka ikawa rangi ya chai ya maziwa. Uso wa msichana wetu, ambaye ni maji ya kunde kama mamake, ulikuwa mweupe wa mtu mwengine. Bwana harusi naye alikuwa amepauka, ila hakuna aliyeshughulika kumtazama. Hata mlango mzee wa mbao uliokuwa nyuma yao ulionekana kama uliorandwa jana.

Siku ya pili mpwa wangu alinijia, kwa kuwa anajua kazi yangu ni picha. "Mjomba, waweza kunirudishia mikono yangu?" Nikamwambia aombe faili za asili. Alichokifanya mpiga picha nilikijua kabla sijazifungua, kwa sababu hina, ngozi na mbao zikipauka kwa pamoja, hiyo ni alama ya kidude kimoja tu. Nimeona nikieleze hapa, maana siku hizi kila nyumba ina mtu anayehariri picha kwa simu, na wengi wanakisogeza kidude hicho bila ya kujua kimegusa nini.

Katika programu kama Lightroom, ya simu na ya kompyuta, kuna sehemu ambapo rangi zote za picha zimegawanywa katika mafungu manane: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, feruzi, buluu, zambarau na majenta. Kila fungu lina vidude vitatu vya kusogeza kushoto au kulia. Cha kwanza hugeuza aina ya rangi yenyewe, kwa mfano chungwa ielekee wekundu au ielekee manjano. Cha pili huikoza rangi au kuififisha. Cha tatu huitia mwanga au giza.

Sasa ngozi ya binadamu, iwe ya mtu wa Kipini au ya mtalii kutoka Ujerumani, huangukia karibu yote katika fungu la chungwa na sehemu ya nyekundu. Kwa macho ya programu, sisi wanadamu hatutofautiani sana katika aina ya rangi; tunatofautiana katika mwanga na ukolezi wake. Kwa hivyo anayetaka "kung'arisha" biharusi hukamata kidude cha mwanga katika fungu la chungwa akakivuta kulia. Uso hung'ara mara moja, na mteja hufurahi kwenye kioo cha simu. Lakini programu haijui uso ni nini. Imeambiwa itie mwanga kila kilicho cha rangi ya chungwa, nayo inatii: hina imo, mbao imo, mchanga wa pwani umo, mkeka umo, na dhahabu ya shingoni imo nusu. Piko ilisalimika kwa kuwa nyeusi haimo katika fungu lolote kati ya yale manane.

Tangu siku hiyo mimi hutumia hina kama kipimo. Nikipewa picha ya harusi nisiyoijua, kwanza hutazama mikono. Hina ikiwa imekoza na uso una nuru, aliyeihariri anajua kazi. Hina ikiwa imekufa, basi uso nao si wake.

Kuchagua rangi moja na kuigusa peke yake si dhambi, bali ni ufundi wenye asili ya kiwanda cha uchapaji. Wachapaji hutumia wino wa rangi nne, yaani sayani, majenta, manjano na nyeusi, na fundi aliweza kupunguza, tuseme, wino wa sayani ndani ya sehemu nyekundu tu bila ya kugusa bahari iliyo nyuma. Photoshop ilipokuja mwaka 1990 kutoka kwa ndugu wawili, Thomas na John Knoll, kazi nyingi za namna hiyo zilihamia kwenye kompyuta. Mpaka leo ina chombo kilichojengwa kwa mantiki ya wino, chenye mafungu tisa: rangi sita, kisha weupe, kijivu na weusi. Hayo matatu ya mwisho ni neema kwetu. Kanzu ikitoka na umanjano, unaingia katika fungu la weupe na kupunguza manjano kidogo humo peke yake. Uso haujui kama kuna lililofanyika.

Lakini kwa nini uso huwa mweusi kupita kiasi hata mtu akatamani kuutia mwanga? Hapa hatuna budi kuilaumu kamera kabla ya kumlaumu mpiga picha. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimefundishwa kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Mweke bwana harusi wa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa saa saba mchana, kamera itaona weupe mtupu, itadhani mwanga umezidi, itaupunguza, na uso utazama gizani. Mweke mama wa buibui mbele ya mlango mweusi, itafanya kinyume, na buibui litatoka kijivu kama lililofuliwa kwa jiki. Sasa waweke wote wawili katika picha moja na bahari ikimeta nyuma yao, jambo ambalo sisi watu wa pwani hulifanya kila Jumamosi, na hakuna kipimo kimoja kitakachowatosha wote. Simu mpya hujaribu kwa kupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha. Husaidia, lakini mara nyingi huacha nyuso zimekuwa bapa, hazina kivuli wala umbo.

Jibu lake ni kugusa mahali badala ya kugusa rangi. Nitaeleza kwa Snapseed kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi kwenye simu za kawaida, na chombo chake kimoja kinafaa mno kwa nyuso zetu. Programu hii ilitengenezwa na kampuni ya Nik Software, ambayo Google waliinunua mwaka 2012. Kile chombo kinaitwa Selective. Unagusa shavu la mtu na kidoti kinakaa hapo. Kwa vidole viwili unapanua au kupunguza duara la eneo utakalogusa. Kisha unateleza kidole kulia kuongeza mwanga, au kushoto kuupunguza. Uzuri wake ni kwamba kidoti kinasoma rangi na mwanga wa pale kilipowekwa, halafu kinagusa tu vilivyofanana navyo ndani ya duara. Ukikiweka shavuni, kola ya kanzu iliyo karibu haiguswi ingawa imo ndani ya duara.

Picha ya mpwa wangu niliitengeneza hivi. Kwanza nilipunguza mwanga mkali wa picha nzima mpaka mikunjo ya kanzu na nakshi za kofia zikaonekana tena. Weupe uliokwisha kuungua kabisa haurudi, kwa hiyo ni heri kupiga picha ikiwa na giza kidogo kuliko kuiunguza. Kisha niliweka kidoti kwenye shavu la biharusi na kingine kwenye paji la uso, nikaongeza mwanga kidogo tu, kama sehemu ya tano ya safari yote ya kidude. Kwenye shavu la upande wa kivuli niliongeza pungufu zaidi, kusudi uso ubaki na umbo lake. Kisha mikono: kidoti juu ya ngozi katikati ya maua ya hina, mwanga kiasi, kidoti chengine juu ya hina yenyewe, nikaikoza kidogo. Bwana harusi naye akapata kidoti chake, maana ni haki yake.

Bahari sikuigusa. Kulikuwa na kishawishi cha kuivuta ile feruzi mpaka iwe kama ya kalenda, lakini siku ile ilikuwa ya mawingu, na kila aliyehudhuria anakumbuka tulivyokuwa tukitazama juu tukiomba mvua isinyeshe.

Harusi za ukumbini zina balaa lake. Kumbi zetu siku hizi zimejaa taa za zambarau na buluu, na uso wa biharusi aliyeketi jukwaani hutoka kama aliyezama majini. Wengi hujaribu kuigeuza picha nzima iwe ya manjano ili kuuondoa ubuluu. Uso hurudi, lakini gauni jeupe huwa na rangi ya siagi na maua huharibika. Hapa tumia brashi au duara kuchagua uso na shingo peke yake, ndani ya eneo hilo fifisha zambarau na majenta, ongeza ujoto kidogo, basi. Taa za nyuma ziache na zambarau yake, kwani hivyo ndivyo ukumbi ulivyokuwa. Ikiwa taa ilikuwa kali kiasi cha kufuta rangi zote nyengine za usoni, hakuna programu itakayozivumbua. Itakachokupa ni rangi ya kubuni. Mwambie mwenye taa azielekeze ukutani kabla biharusi hajatoka. Ni maneno mawili tu, na yanashinda saa sita za kompyuta.

Kuna watu ambao kwao rangi ni riziki, nao wanastahili kauli yao. Anayeuza leso kwa WhatsApp, akapiga picha chini ya taa ya dukani yenye umanjano, kisha akaikoza nyekundu ili ivutie, atarudishiwa mzigo na mteja aliyetaka leso ya rangi ya damu ya mzee akapata ya nyanya. Kwake yeye kuchagua rangi kuna lengo moja, nalo ni picha ifanane na kitambaa kilicho mkononi. Apige picha kivulini mchana, aweke karatasi nyeupe pembeni, asahihishe mpaka karatasi ionekane nyeupe, kisha aikate karatasi kwenye picha. Muuza samaki anayekoza wekundu wa matamvua ili changu wa jana aonekane wa leo alfajiri, huyo simfundishi kitu.

Turudi kwenye ngozi, maana hapo ndipo penye donda. Si bahati mbaya kwamba vifaa vya picha vilikuwa vikizishinda nyuso nyeusi. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizopewa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, aliichunguza historia hiyo, na alichokigundua ni kichekesho cha kusikitisha: miongoni mwa waliolalamika hadi filamu zikaboreshwa kwenye rangi za kahawia walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Kwa hiyo kabati lilisikilizwa. Mwaka 2021, Google walipotoa simu ya Pixel 6, walitangaza kwa fahari kwamba kamera yake imerekebishwa ili izisome vizuri ngozi za rangi zote, jambo linaloonyesha kwamba hadi juzi kazi hiyo ilikuwa haijakwisha.

Wazee wetu walikuwa na njia zao. Studio ya N. V. Parekh pale Mombasa na ya Omar Said Bakor kule Lamu zilipiga picha za nyeusi na nyeupe ambazo familia nyingi bado wanazo makabatini. Katika chumba cha giza, fundi wa zama hizo aliweza kuukinga uso kwa kiganja au kipande cha karatasi wakati mwanga unapita juu ya karatasi ya picha, ili uso usizidi kuwa mweusi, au akaongeza sekunde kadhaa kwenye anga. Vidoti vya Snapseed ni kiganja kile kile. Tofauti ni kwamba kiganja kiliweza kuongeza na kupunguza mwanga, lakini hakikuwa na uwezo wa kumpa mtu ngozi ya jirani yake.

Najua nitaambiwa: lakini maharusi wenyewe ndio wanaotaka weupe. Ni kweli, wako wanaotaka. Wengine wameshapakwa poda ya rangi mbili juu ya yao kabla mpiga picha hajafika. Picha ni yake na uso ni wake. Akisema waziwazi anataka hivyo, mimi humfanyia nakala moja na nyengine naiacha ilivyo, nampa zote. Ninachokikataa ni mpiga picha kuamua kimyakimya kwamba maji ya kunde ni kasoro inayohitaji kurekebishwa, kama vile chunusi au uzi uliochomoza kwenye gauni. Mpwa wangu hakuulizwa. Aligundua kwenye albamu, mbele ya wakwe.

Na kusogeza mwanga tu, bila ya kuongeza wala kuondoa kitu chochote katika picha, kunaweza kubadili maana yake yote. Mwaka 1994 O. J. Simpson alipokamatwa Marekani, majarida mawili, Time na Newsweek, yaliweka picha ile ile ya polisi kwenye majalada ya tarehe 27 Juni. Newsweek waliiweka ilivyo. Time walimpa msanii akaitia giza, na mtu yule yule akaonekana mweusi zaidi na wa kutisha zaidi. Walilaumiwa sana hadi mhariri wao akaomba radhi. Anayemtia mshukiwa giza na anayemtia biharusi weupe wametoka chuo kimoja. Kwa picha za habari, zikiwemo zinazotumwa na wasomaji kwa tovuti kama hii, mpaka ni mwembamba zaidi kuliko wa harusi: kuinua kivuli ili uso uonekane inakubalika; kuyakoza maji ya mafuriko yawe mekundu zaidi ili yatishe haikubaliki. Ukiona unaisogeza rangi ili msomaji akasirike zaidi, iache.

Jambo jengine, kwa ajili ya picha za kina mama. Snapseed huhariri ndani ya simu yenyewe, lakini programu nyingi mpya zinazong'arisha uso kwa mguso mmoja huipeleka picha kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, ikafanyiwa kazi, ikarudi. Picha ya kesha, ambapo simu zilikusanywa mlangoni na hakuna mwanamume aliyeingia, haifai kupita njia hiyo. Zima data na bando lote, kisha jaribu kuhariri. Programu ikigoma, umeshajua picha ilikuwa ikienda wapi.

Kabla hujaanza, tazama mambo haya kwenye simu yako. Zima ile rangi ya manjano ya usiku ya kioo, la sivyo utaitibu picha isiyo na ugonjwa. Weka mwanga wa kioo katikati. Ukihariri kikiwa kimewaka chote, picha ikichapishwa itatoka na giza, nawe utamlaumu mchapaji. Usihariri picha iliyokwisha kupita WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa imebanwa na kupoteza mengi. Aliyeipiga akutumie kama dokumenti. Faili ya kawaida ya simu, JPEG, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi ya msingi, na ukizivuta kwa nguvu anga litatoka na mistari kama ngazi za msikiti. Faili ghafi za kamera kubwa huwa na ngazi 4,096 au 16,384, ndiyo maana hustahimili kuvutwa. Ukimaliza, iache picha mpaka asubuhi, kisha uitazame upya ukiilinganisha na ya asili. Jicho huzoea haraka sana. Lililoonekana zuri saa tano usiku hukuaibisha baada ya sala ya alfajiri.

Faili za mpwa wangu zilipatikana kwa bahati. Mpiga picha alikuwa bado hajazifuta, ingawa alisema huzifuta baada ya miezi mitatu kwa sababu diski hujaa. Alikuwa muungwana, hakubishana. Aliniuliza nimefanyaje, tukaketi pamoja nikamwonyesha. Kwa hiyo mkataba wa picha uandikwe tangu siku ya posa kwamba faili za asili utapewa nawe, zote, pamoja na zile mbaya. Diski ndogo ya kuzihifadhi ni bei ya keki ya daraja moja. Picha kumi na nne tulizichapisha upya, na mamangu alizipeleka tena dirishani, akavaa miwani, akaanza na mikono.